Mgeni wa Mariam Poni

Dranya, Koboko
9 Februari 1975

Kwa mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na kikohozi chako nacho nakisalimu ili kikuage. Andama wa lori ameniambia bado unakohoa asubuhi. Mimi ni mzima kabisa, isipokuwa viganja, maana vimetoka malengelenge kwa jembe.

Padri Paulino ametugawa sisi wanafunzi kumi, kila mmoja nyumba yake, kwa watu wasio wa dini yake wala wa lugha yake. Tutakaa miezi sita. Alituambia waziwazi: asiyeweza kuishi na watu wa Koboko hataweza kuishi na watu wa Haiti, na ndege ya Agosti haitamngoja. Huko ng'ambo tutafundisha watoto na kuuguza wagonjwa miaka mitatu, tukila wanachokula wenyeji na kulala wanapolala. Basi tunaanza kujifunza hapa.

Mimi nimepewa nyumba ya Mariam Poni. Ni mwanamke wa miaka kama arobaini, mrefu, Mwislamu. Ana wasichana wawili, na anamtunza mama mkwe wake ambaye haoni. Siku niliyofika aliniuliza kitu kimoja tu, kama najua kulima. Nikasema najua kidogo. Akasema, "Kidogo iko mzuri. Ile ingine nitaongeza mimi." Tangu siku hiyo nimeongezewa mpaka mgongo unalia. Lakini jioni hunipakulia kabla ya watoto wake, na maji ya kuoga hunipashia yeye mwenyewe.

Mumewe ni sajini wa jeshi, jina lake Igga. Sijamwona bado. Wasichana wanasema zamani alikuwa na kazi barabara ya Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, sasa amehamishwa.

Mama, kuna jambo linanisumbua. Chumbani kwa Mariam kuna cherehani ya mkono, imefunikwa kwa kitambaa. Jana aliifunua kushona gauni la mtoto. Mpini wake umevunjika ukafungwa kwa waya wa shaba. Najua waya wa shaba ni wa kila mtu. Lakini baba alipofunga wake mimi ndiye niliyemshikia koleo, na mkono wangu uliutambua kabla ya macho. Tafuta ile karatasi ya dukani uniandikie namba ya cherehani ya baba. Pengine ni kichaa changu tu.

Usitumie posta. Mpe Andama mkononi, lori lake linapita hapa kila wiki.

Ni mimi mwanao,
Scholastique


Onduparaka, Arua
14 Februari 1975

Mwana wangu Schola,

Salamu za nyumbani. Kikohozi kimepungua. Tangu nilipofungua barua yako sijisikii mgonjwa, nasikia moto.

Namba ni Y418206. Iko kwenye kibati, chini, upande wa sindano.

Sasa nikuambie yale niliyokuficha ulipokuwa shuleni kwa masista. Siku ile ya Novemba sabini na mbili, baba yako hakupotea Kongo kwao kama nilivyokueleza. Alikuwa kwenye lori la Andama, wanatoka Aru na vitambaa, cherehani ameipakata magotini. Wakasimamishwa barabarani walipokwisha kuvuka mpaka wa Vurra. Askari walishusha mizigo. Sajini mmoja mwenye jino la dhahabu akamwambia aache cherehani. Ambroise akasema, "Chukueni vitambaa vyote. Hii ndiyo mkono wangu." Andama alimsikia kwa masikio yake. Wakamweka ndani ya gari lao pamoja na hiyo cherehani, wakaondoka naye. Nilikwenda kambini siku kumi na moja mfululizo. Siku ya mwisho waliniambia nikirudi tena nitamfuata.

Miaka miwili na miezi mitatu nawauzia wake za askari vitenge, nawachekea, nawapimia kwa mikono hii. Kila mume anayekuja kumchukua mkewe namtazama meno.

Itazame namba. Ikiwa ndiyo, usilie mbele yao na usikimbie. Kaa hapo hapo. Mungu hakukupeleka nyumba ile kujifunza kulima.

Mama yako,
Elise


Dranya
23 Machi 1975

Mama mpenzi,

Natumaini u mzima. Mimi mwili hauna tatizo.

Namba ni ile ile. Niliisoma mara tatu, nikairudishia kitambaa, nikatoka kwenda kuchota maji.

Na yeye nimemwona. Alikuja likizo ya siku tatu, jino la dhahabu likitangulia. Ni mtu wa kucheka, mama. Hilo ndilo linaloniua. Alikuja na soda, ya kwanza akanipa mimi kwa sababu ni mgeni, akaniita binti yake. Mariam aliniambia nipike, nikapika majani ya kunde kwa mbegu za simsim, akala akasifu.

Walipomaliza kula nikamuuliza kama kazi ya Vurra ilikuwa ngumu. Sauti yangu haikutetemeka, hata mimi nilijishangaa.

"Iko ngumu kwa ule mutu anabishana," alisema. "Fundi moja ya Kongo alibishana na mimi juu ya ile cherehani ya mama yenu. Leo cherehani iko hapa. Yeye iko wapi?"

Watoto walicheka kwa kuwa baba yao alicheka. Mariam hakucheka. Aliondoa sinia ingawa mumewe hajanawa. Nadhani mpaka saa ile hakujua imetoka wapi. Tangu hapo hajaigusa.

Mama, hapa tunaloweka muhogo mchungu siku tatu, sumu itoke, ndipo unalika. Ningeweza kumpikia ambao haujalowekwa. Niliwaza hivyo nikiwa nimekaa karibu naye, hatua moja tu. Nilijua hata chungu nitakachotumia. Lakini anakula sinia moja na mama yake kipofu, na wasichana humalizia mabaki. Niambie nifanye nini. Siwezi kumpakulia tena mtu huyu na kumwambia karibu.

Jambo jingine. Ghalani, nyuma ya mtama, kuna mapipa ya petroli ya jeshi. Yanaletwa na lori la jeshi, halafu mfanyabiashara mmoja anakuja kuyavusha kwenda Kongo. Watu wa Arua wanapanga foleni kwa petroli, na yeye anaiuza ng'ambo ya mpaka.

Mwanao,
Scholastique


Onduparaka
28 Machi 1975

Schola mwana wangu,

U mzima? Kula vizuri, nakuhitaji na nguvu.

Chakula usikiguse. Wewe si mchawi wala mimi sikuzaa mchawi. Na mtu akifia kwenye sinia lako, watakutandika wewe, na mimi nitakuwa nimezika wawili bila kaburi hata moja.

Habari ya mapipa ndiyo niliyokuwa naisubiri bila kuijua. Mwizi wa petroli ya jeshi, jeshi lenyewe linamaliza. Hakuna kesi, hakuna wakili. Nina mteja wangu, mke wa afisa mkubwa. Mumewe anatafuta wa kumkabidhi kwa wakubwa ili aonekane mkali. Niletee siku lori linapokuja, namba yake, jina la mfanyabiashara, na siku Igga anapokuwa nyumbani. Mengine niachie.

Nataka waje wamchukue mbele ya watu wake. Nataka mke wake aende kambini siku kumi na moja.

Mama yako,
Elise


Dranya
27 Aprili 1975

Mama yangu,

Salamu kwako na kwa majirani wa Onduparaka. Nisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima. Niliugua malaria, ile ya kupoteza fahamu.

Nilianguka shambani. Mariam Poni alinibeba mgongoni kutoka Dranya mpaka zahanati ya Koboko. Najua utauliza mbona hakutafuta baiskeli. Ilikuwa siku ya mazishi, kijiji kizima hakikuwepo. Walisema aliponifikisha hakuweza kunyoosha mgongo. Alikaa nami siku sita, akinilisha uji kwa kijiko, na mganga alipouliza huyu Mkongo ni nani kwake, alisema, "Ni mutoto yangu. Dawa iko, ama haiko?"

Sikuambii haya ili uache. Sijaacha. Nilipopata nguvu kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda ghalani kuhesabu mapipa. Yako tisa.

Lori huja Jumatano ya pili na ya nne ya mwezi. Namba nimeiandika kwenye karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya hii, pamoja na jina la mfanyabiashara. Igga atakuwa nyumbani katikati ya Mei, kuanzia Ijumaa tarehe kumi na sita.

Ila mama, nakuomba mambo mawili, na sijawahi kukuomba kitu tangu baba aondoke. La kwanza, wamkamate barabarani akiwa na lori, wasije nyumbani. La pili, ungoje mpaka Agosti, nitakapokuwa nimeondoka. Nataka afe. Sitaki kuwa pale Mariam atakapokuwa anauliza ni nani aliyetoa habari. Ameanza kunishonea gauni la safari, kwa mkono, kwa sindano, kwa sababu cherehani haitaki tena.

Mwanao anayekutegemea,
Scholastique


Onduparaka
13 Mei 1975

Schola,

Salamu. Nashukuru Mungu umepona.

Nimeshasema kwa yule mteja wangu. Jumamosi hii wanakuja, na wanakuja nyumbani. Agosti ni mbali, na mimi siku zangu zote za kungoja zilishakwisha pale kambini.

Ukipata barua hii toka siku hiyo hiyo. Sema bibi yako amefariki. Panda na Andama. Usimwambie mtu yeyote, hasa yule mwanamke.

Mama yako


Dranya
8 Juni 1975

Mama,

Natumaini uko salama. Mimi niko hai.

Barua yako niliipata Alhamisi saa nne asubuhi. Andama alikaa na lori barabarani, injini ikinguruma, akanipigia honi mara mbili. Mariam alikuwa anatwanga. Ningeweza kupanda. Ningeweza pia kumwambia, na mumewe asingekuja nyumbani Ijumaa, angevuka mpaka akawa salama. Kwa hiyo sikumwambia. Wala sikupanda. Nilishika mchi wa pili tukatwanga pamoja mpaka lori likaondoka.

Jumamosi walikuja na magari mawili. Igga alikuwa ananyoa ndevu, kioo amekitundika kwenye mlango wa jiko. Povu likiwa bado shavuni wakamfunga mikono. Kwanza alicheka, akidhani ni utani wa wenzake. Halafu akamjua aliyewaongoza. Akaanza kutuangalia sisi, mmoja mmoja, kama mtu anayetaka kukumbuka sura.

Nilifurahi. Nataka ujue hilo, nisikudanganye. Walipomsukuma garini nilimwona baba amepakata cherehani yake.

Kisha wakatugeukia tuliobaki. Walitoboa mapipa, wakang'oa mabati ya paa, wakachukua mbuzi. Cherehani nayo wakaipakia. Mmoja wao akanishika nywele akasema huyu ni Mkongo, huyu ndiye anayewapelekea habari wanunuzi wa petroli, naye apande. Walikuwa wameshanifikisha kwenye gari. Mariam akaja akasimama katikati. Akasema mimi ni binti yake, alinizaa kwa mume wa kwanza, na kama wananitaka wamchukue na yeye. Yule askari alimpiga kwa kitako cha bunduki kwenye mkono. Nilisikia mfupa. Hakuniachia. Alinishika kwa mkono ule uliobaki, na wao wakachoka wakaenda.

Mfupa umeunga vibaya. Mkono wa kulia haushiki kitu. Kila asubuhi tangu siku hiyo alikwenda kambini kumuulizia mumewe. Juzi ilikuwa siku ya ishirini, wakamwambia hakuna mtu wa jina hilo. Sasa ameacha, anauliza swali lingine, ni nani aliyewachongea. "Nani aliandika sisi?" Anamuuliza jirani, anauliza msikitini, ananiuliza mimi nikimwosha. "Nikimujua, nitakaa mbele ya mulango yake mpaka ile siku ya kufa yake."

Ulikuwa unataka mwanamke huyu aende kambini siku kumi na moja. Amekwenda ishirini.

Scholastique


Onduparaka
15 Juni 1975

Mwana wangu,

Nakusalimu kwa furaha. Leo nimevua nguo nyeusi. Nimenunua nyama, nimewaita akina Ayikoru wa sokoni tukala, hawajui kwa nini.

Mkono wa yule mwanamke unanisikitisha, kiasi. Lakini alilala na muuaji miaka yote, akala vya wizi wake. Kila mtu na fungu lake.

Sasa rudi. Kazi imekwisha. Utapumzika mpaka ndege yako. Ila niambie kitu kimoja kinachonikosesha raha katikati ya furaha hii. Je, Igga aliwahi kusema alimlaza wapi baba yako? Sikufikiri kukuambia umuulize. Nilifikiri mengine tu.

Mama yako,
Elise


Dranya
3 Agosti 1975

Mama,

Nakusalimu.

Hakusema. Nimemuuliza Mariam, naye hajui. Aliyejua alikuwa mmoja, na sisi tulimtuma asikorudi.

Nilipomuuliza hivyo, Mariam alitaka kujua kwa nini naulizia kaburi la fundi. Nikamwambia yote. Baba, namba ya cherehani, mapipa niliyoyahesabu kwa kidole, barua ya Alhamisi. Nilijua anaweza kupiga kelele na majirani wakanimaliza papo hapo. Alinyanyuka akaenda shambani. Siku mbili aliniwekea chakula akaondoka, nacho kilikuwa cha kwanza kama kawaida.

Siku ya tatu akaniita. Haya ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza:

"Bwana yangu aliua baba yako. Hiyo ninakubali. Lakini mama yako alichukua bwana yangu, alichukua na mukono yangu. Mimi nachukua mutoto yake. Utalima shamba yangu, utazika huyu mama haoni, na mimi utanizika. Ng'ambo hauendi."

Padri Paulino alikuja kunichukua na gari. Alisema hakuna anayeweza kunizuia, na kweli, boma halina hata mlango. Wenzangu tisa wameondoka jana kwenda Entebbe. Gauni la safari liko sandukuni.

Usifikiri nimefungwa. Nimekaa kwa sababu nilitoa namba ya lori kwa mkono wangu mwenyewe. Na nimekaa kwa sababu yako pia, mama, sitakuficha. Nilikuomba ungoje mpaka Agosti. Ulikuwa unamlipizia baba. Ukaona si kitu hata mimi nikiangamia humo humo. Basi na wewe ungoje. Uone mtu anayengoja anakuwaje.

Scholastique


Aru, Kongo
10 Juni 1979

Mwana wangu Scholastique,

Salamu nyingi, kama bado unapokea salamu zangu. Hii ni barua ya saba. Sita hukuzijibu. Nampa Padri Paulino, kwa kuwa anasema anajua mlipo.

Serikali ilipoanguka tulivuka Vurra na wengine wote wenye asili ya huku. Sasa askari wanakimbia, na watu wa Koboko wanavuka kila siku na magodoro kichwani. Kila siku ya soko naamka mapema nakwenda Ariwara, nasimama kwenye njia ya kutokea mpakani, nawatazama wanawake usoni mmoja mmoja. Miaka minne umenitesa. Imetosha, umeshinda. Nyumba yangu ina vyumba viwili, na kitanda chako nimekitandika.

Njoo. Lakini njoo peke yako. Yule mwanamke nisimwone mlangoni kwangu. Hilo siliwezi, hata ukinichukia zaidi.

Mama yako, mpaka kufa,
Elise


Karibu na Ariwara
2 Julai 1979

Mama yangu,

Natumaini u mzima, ingawa nilivyokuona umekonda, na kile kikohozi kimerudi.

Ndiyo, nimekuona. Tulipita Ariwara siku ya soko, tukiwa watu kama thelathini. Nilijitanda shuka jeupe kama wanawake wa Koboko, mzigo kichwani. Bibi asiyeona tulimzika mwaka jana. Wasichana walikuwa nyuma na kuku. Ulikuwa umesimama karibu na wauza chumvi. Ulinitazama machoni, mama, kama unavyosema unawatazama wote. Halafu ukamtazama aliyefuata.

Mariam aliniona nimesita. Akaniuliza, "Ule ni mama yako?" Nikasema ndiye. Aliupakata ule mkono wake mbovu. Kisha akasema, "Enda kwake. Miaka ine imetosha. Mimi sishike wewe tena."

Midomo niliifungua kukuita. Lakini barua yako nilikuwa nayo kifuani, Padri alinipa njiani, na ndani yake umeandika nije peke yangu. Huyu mwanamke alisimama kati yangu na gari la askari, na mimi ndiye niliyelileta gari lile. Sikukuita. Tukapita.

Nimelitafakari wiki mbili hizi. Sitaki tena kukuadhibu, nimechoka na kazi hiyo, na nadhani hata wewe umechoka na yako. Lakini sitakuja kwako. Njoo wewe. Padri Paulino atakuonyesha njia, ni mwendo wa saa mbili kutoka sokoni. Tumejenga kibanda cha nyasi karibu na kijito, na muhogo tulioupanda umeanza kuota.

Utaingia nyumbani kwa Mariam Poni. Yeye hatasimama, maana ndiye mwenye nyumba, na wewe ndiye mgeni. Utamwamkia wewe kwanza. Atakachojibu sikijui, sijamuuliza. Mimi nitakuwa jikoni, nitapika chakula cha watu watano.

Binti yenu,
Scholastique